Redio ya Jamii Ina Deni kwa Nani?

Kuanzisha kituo cha redio ya jamii si jambo dogo, lakini ni jambo linalohesabika. Kunahitajika chumba kisichopenya kelele, vipaza sauti viwili au vitatu, meza ya kuchanganyia sauti, kompyuta, mtambo wa kurushia matangazo, antena iliyoinuliwa juu ya mlingoti, umeme wa kutegemewa na leseni ya masafa. Vyote hivyo vina bei, na bei hujulikana kabla. Kisichojulikana ni kitakachotokea mwaka wa tatu, wakati sherehe ya ufunguzi imeshasahaulika na mgeni rasmi amesharudi kwake, betri zimeanza kuchoka, leseni inataka kulipiwa upya, na kijana anayefungua studio alfajiri hana nauli. Hapo ndipo watu hukusanyika wakaulizana: fedha zitatoka wapi?

Swali hilo huachiwa mhasibu, ingawa kwa hakika ni swali la maadili. Fedha haziji yatima. Kila aliyetoa amekuwa mdai, apende asipende, na kituo kimekuwa mdaiwa wake. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Mkulima hulipa kwa mazao na fundi hulipa kwa kazi ya mikono yake. Redio haina ghala wala karakana. Ina kitu kimoja tu cha kulipia, nacho ni muda wa hewani. Humlipa mdai kwa kumpa nafasi ya kusema au, mara nyingi zaidi, humlipa kwa kunyamaza. Malipo ya kunyamaza hayaandikwi katika daftari lolote, wala msikilizaji hawezi kuyalalamikia, kwa kuwa hajui kuwa kulikuwa na habari ambayo haikusomwa.

Hakuna redio isiyo na deni, hata ile inayojigamba kuwa huru. Kwa hiyo waanzilishi wa redio ya jamii wana uchaguzi mmoja mzito kuliko wa masafa au wa jina: wanachagua watakayekuwa wakimwia.

Afrika Mashariki ilikutana na uchaguzi huo mapema. Mei 1982, katika mji wa Homa Bay kando ya Ziwa Victoria, kilifunguliwa kituo kidogo kwa msaada wa UNESCO, na hadi leo hutajwa mara nyingi kuwa redio ya kwanza ya jamii barani. Mtambo wake ulikuwa wa gharama ndogo na sauti yake haikwenda mbali. Kituo kiliwekwa chini ya Sauti ya Kenya, shirika la utangazaji la serikali. Mwaka 1984 serikali ikakifunga. Yako mengi ya kusemwa kuhusu siasa za miaka ile, hasa baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982. Lakini kwa swali lililo mbele hapa, inatosha kutazama nani alikuwa na nini. Vifaa vilikuwa zawadi ya shirika la kimataifa, usimamizi ulikuwa wa dola, na mwananchi wa Homa Bay alibakiwa na kazi ya kusikiliza. Mtu wa aina hiyo, redio ikinyamazishwa, hana pa kwenda kudai. Anaweza kusikitika, lakini hawezi kusema: hicho kilikuwa changu, na stakabadhi yangu ni hii. Cha kuazima hakisitiri.

Ni rahisi kuona hatari pale mdai anapokuwa serikali, au mwanasiasa anayenunua saa nzima kila jioni kuelekea uchaguzi. Ni vigumu zaidi kuiona pale mdai anapokuwa mtu mwema. Shirika la misaada hulipia vipindi vya chanjo, vya lishe ya watoto, vya kunawa mikono. Hakuna mwenye akili timamu atakayesema vipindi hivyo ni vibaya. Hata hivyo, mradi una tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, na una mada zilizoamuliwa katika mkutano ambao wanakijiji hawakualikwa. Kituo kinachoishi kwa miradi hujifunza kusema yale yenye bajeti. Mwaka wa fedha za malaria husema malaria, na mwaka wa fedha za tabianchi husema tabianchi, hata kama kinachowanyima watu usingizi mwaka huo ni mgogoro wa mpaka wa shamba baina ya vitongoji viwili. Maneno yote yaliyotangazwa ni ya kweli na ya faida. Kilichopotea ni haki ya jamii kuamua yenyewe lipi lisemwe kwanza. Mtu anayelishwa vizuri kwa kijiko cha mwenzake bado hajala kwa mkono wake.

Wako waliojaribu njia nyingine. Lewis Hill, Mmarekani aliyekataa kushika silaha katika Vita Kuu ya Pili kwa sababu ya imani yake juu ya amani, alifungua kituo cha KPFA mjini Berkeley, California, Aprili 1949. Hakutaka matangazo ya biashara wala fedha za serikali. Alitaka wasikilizaji wenyewe walipe ada kwa hiari. Hesabu yake ilikuwa ya unyenyekevu: iwapo wasikilizaji wawili tu kati ya kila 100 wangelipa, kituo kingesimama. Wengine 98 wangesikiliza bure, na hao wawili wasingekuwa na sababu ya kunung'unika, kwa kuwa walilipia kitu wanachotaka kiwepo. Agosti 1950 fedha zilikwisha na kituo kikanyamaza. Kilirudi hewani Mei 1951, baada ya watu kuchangishana. Miezi ile tisa ya ukimya ina funzo lake. Msikilizaji alipewa nafasi ya kujua redio isiyolipiwa inasikikaje, kisha akaamua.

Mfano mzito zaidi uko Bolivia. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, wachimbaji wa madini ya bati katika milima ya nchi ile walianza kujijengea redio zao kupitia vyama vya wafanyakazi, wakizigharimia kwa sehemu ya ujira wao. Hawa hawakuwa matajiri. Walikuwa watu wa mapafu yaliyojaa vumbi, wanaofia kazini wakiwa bado vijana. Redio zao zilitangaza habari za migodi, mikutano, muziki wa nyumbani, matangazo ya misiba na ujumbe wa mtu kwa jamaa yake. Julai 1980, Jenerali Luis García Meza alipopindua serikali, vituo hivyo viliungana katika mtandao mmoja na kuendelea kutangaza upinzani hadi jeshi lilipovivamia kimoja baada ya kingine. Hakuna mfadhili wa mbali ambaye angewaomba watangazaji wabaki kwenye vipaza sauti saa ile. Walibaki kwa sababu waliowadai walikuwa nje ya mlango, na walikuwa ndugu zao.

Kutokana na mifano hiyo kanuni moja hujitokeza: ni heri redio iwe na deni dogo kwa watu wengi kuliko deni kubwa kwa mtu mmoja. Mdai mmoja akinuna, kituo hutetemeka. Mdai mmoja kati ya 1,000 akinuna, kituo humsikiliza, humjibu, na kesho yake hufunguliwa kama kawaida. Haba na haba hujaza kibaba, lakini katika jambo hili haba ina sifa nyingine isiyotajwa na methali: haina uwezo wa kuamrisha. Uingereza iliiandika hekima hiyo katika sheria. Amri ya Redio za Jamii ya mwaka 2004 ilitaka vituo visiendeshwe kwa faida, na iliweka nusu ya mapato kuwa mpaka ambao chanzo kimoja hakikuruhusiwa kuupita. Masharti hayo yalilegezwa baadaye kwa sababu vituo vingi vilikuwa na njaa, lakini wazo lililokuwa nyuma yake halijachakaa.

Kanuni nzuri, hata hivyo, lazima ipimwe kwa mizani inayoiumiza, na hii ina mapingamizi matatu.

La kwanza ni kwamba wengi wanaweza kutawanyika. Risasi za 1980 hazikuziua redio za wachimbaji. Nyingi zilifufuka demokrasia iliporudi. Kilichozidhoofisha ni mwaka 1985, serikali ilipobadili sera ya uchumi, bei ya bati ikaanguka, na wachimbaji zaidi ya 20,000 wa shirika la taifa wakapoteza kazi. Familia zilihama migodi kutafuta riziki kwingine, na michango ikaondoka pamoja nao. Redio inayobebwa na mabega ya watu huanguka watu wanapoanguka. Hilo ni kweli, wala halina dawa kamili. Lakini pia lina uadilifu wake: redio ya jamii haistahili kuwa na maisha marefu kuliko jamii yenyewe. Kituo kinachobaki hewani kwa fedha za mbali, katika migodi isiyo na watu, kingekuwa kinasema na nani?

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Wengi wanaweza kuwa waovu. Redio RTLM ya Rwanda, iliyoanza kutangaza Julai 1993 na ambayo mwaka uliofuata ilichochea mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, haikuwa redio ya jamii. Ilikuwa kampuni binafsi yenye wenye hisa wengi, na vigogo wa utawala walikuwa miongoni mwao. Lakini ilipendwa. Ilikuwa na utani, muziki mzuri na wasikilizaji waliopiga simu. Mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani wawili wa waanzilishi wake mwaka 2003. Anayeamini kwamba michango ya watu na mapenzi ya wasikilizaji yanatosha kuitakasa redio, na asimame mbele ya mfano huo kabla hajaendelea.

Jibu limo katika kutazama upya neno wengi. Wengi wa kura ni nusu na zaidi kidogo. Wengi wa redio ni kila mtu anayefikiwa na mawimbi. Mawimbi hayachagui kabila, dhehebu wala ukoo. Humwingilia kila mtu nyumbani mwake, yule anayesifiwa na yule anayetukanwa. Basi mdai wa kweli wa redio ya jamii ni kila aliye ndani ya duara la antena, na wa kwanza wao ni yule ambaye neno baya likitangazwa litamfikia yeye. Kama huyo hayumo katika bodi, hayumo katika orodha ya wanachama, wala lugha yake haisikiki hata saa moja kwa juma, basi hata michango ya watu 10,000 haijaifanya redio ile kuwa ya jamii. Imeifanya kuwa ya kundi.

Mji mdogo wa Immokalee, Florida, unaonyesha jinsi jambo hilo linavyowezekana bila makuu. Mwaka 2000 Tume ya Mawasiliano ya Marekani iliruhusu vituo vya nguvu ndogo, visivyozidi wati 100 na visivyo vya biashara. Desemba 2003 wafanyakazi wa mashamba ya nyanya, kupitia umoja wao, walifungua kituo cha aina hiyo. Waliotoka Meksiko, Guatemala na Haiti walikuwa wakichuma nyanya katika mashamba yaleyale bila lugha moja ya pamoja. Redio haikuamua lugha ipi ni ya wengi. Ilitangaza kwa Kihispania, kwa Kikrioli cha Haiti na kwa lugha za wenyeji asilia wa Guatemala, kwa sababu mfanyakazi asiyeelewa taarifa ya haki zake ndiye wa kwanza kudhulumiwa.

Pingamizi la tatu ndilo linalosemwa kwa sauti ya chini kabisa, pengine kwa aibu. Wengi wa wadai hao ni maskini, na maskini kuliko wote ni wale walio ndani ya studio. Tukio la Korogocho, Nairobi, linajulikana: mwaka 2006 vijana wa mtaa ule waliigeuza kontena la mizigo kuwa studio na Koch FM ikaanza. Hadithi kama hiyo husimuliwa kwa fahari, na inastahili fahari. Lakini karibu kila redio ya jamii ulimwenguni husimama juu ya saa zisizolipwa, na neno kujitolea hufunika mengi. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hiyo ilitungwa kumsifu maskini anayetoa, haikutungwa kumpa ruhusa mwingine aendelee kuchukua. Kituo kinachotangaza asubuhi kipindi cha haki za wafanyakazi, huku msomaji wa kipindi hicho hajalipwa nauli tangu mwezi uliopita, kina deni ambalo hakijaliandika popote.

Mtangazaji huyo, akishapevuka, huitwa na redio kubwa ya biashara na huenda. Wazee wa kituo hulalamika kwamba wamemfunza wao na wengine wamemvuna. Lalamiko hilo limegeuza daftari juu chini. Aliyetoa miaka mitatu ya ujana wake bila mshahara hakuwa mdaiwa. Alikuwa mkopeshaji mkubwa kuliko wafadhili wote, na siku ya kuondoka kwake alistahili kuagwa kama mtu anayedai. Kanuni za Uingereza zimekubali, angalau kwa kiasi, kwamba saa za wanaojitolea zinaweza kuthaminishwa na kuingizwa katika hesabu za kituo. Hilo halimletei kijana mkate. Lakini linaandika jina lake kati ya waliotoa, na jina lililoandikwa haliwezi kusahauliwa kwa urahisi pale fedha zinapopatikana.

Swali hili linawagusa kwa karibu Waswahili wanaoishi mbali na kwao. Mtu wa Maskati, Birmingham au Minneapolis hupokea ujumbe wa simu: kijijini wanataka kuanzisha redio, wamekosa mtambo. Ana uwezo, na ana kiu ya kusikia kwamba kule alikotoka kuna jambo jipya. Akituma fedha zote, je, ametenda jema?

Lugha yake mwenyewe inampa maneno mawili ya kupimia: wakfu na upatu. Anayeweka wakfu kisima au shamba hukitoa kitu hicho katika mali yake. Hakiuzwi, hakirithiwi, na faida yake huenda kwa walengwa. Ni utoaji wa heshima kubwa, ingawa masharti ya mwekaji hubaki na uzito hata baada ya yeye kufa. Upatu ni kitu kingine. Kila mwanachama hutoa sawa na wenzake na kila mmoja ana zamu yake ya kupokea. Hakuna mfadhili wala mfadhiliwa. Nguvu ya upatu ni kwamba mtu huona haya kukosa mbele ya macho ya wenziwe. Udhaifu wake ni kwamba wawili wakikimbia, mzunguko hukatika.

Redio ya jamii inahitaji vyote viwili, kila kimoja mahali pake. Mlingoti, mtambo, paneli za umeme wa jua na betri vinaweza kuwa wakfu: vitolewe mara moja, bila sharti la nani asifiwe hewani, na mtoaji arudi kwenye shughuli zake. Umeme wa kila mwezi, ada ya leseni, nauli na posho za watangazaji vinafaa kuwa upatu wa wale wanaosikia. Kadi za salamu, matangazo ya misiba na ya mbuzi aliyepotea, ada ya mwanachama, mchango wa ushirika wa wavuvi, wa kikundi cha akina mama na wa msikiti pamoja na kanisa. Hivyo ndivyo vibaba. Redio ya Mang'elete katika eneo la Kibwezi, iliyoingia hewani mwaka 2004, ilizaliwa na vikundi vya wanawake. Msaada wa nje haukukosekana, lakini wenye redio walikuwapo kabla ya mtambo, na hilo ndilo lililokosekana Homa Bay.

Mtoaji wa mbali anayelipa hata bili ya umeme hudhani amewapunguzia jamaa zake mzigo. Kwa kweli amewanyang'anya stakabadhi. Kesho akiugua, akistaafu au akikasirika, redio itakufa, na hakuna mtu kijijini atakayekuwa na desturi ya kuilipia. Zaidi ya hayo, yeye hana hatari yoyote katika kinachosemwa. Neno la uchochezi halitavunja dirisha lake, na onyo la mafuriko lisilotangazwa halitamkuta kitandani. Asiye ndani ya duara la antena anaweza kutoa, lakini haifai awe na kura.

Vituo vichache vinaweza kujaribu desturi isiyogharimu chochote. Mwisho wa kila mwezi, daftari la kituo lisomwe hewani: aliyetoa na kiasi alichotoa, kilicholipwa na kisicholipwa, saa ambazo kila aliyejitolea alifanya kazi bila ujira, na vipindi vilivyonunuliwa na walionunua. Lisomwe saa ya jioni ambayo watu wako majumbani, katika kila lugha ya eneo. Na mstari ambao msomaji atasita kuusoma, huo ndio uwe ajenda ya kwanza ya mkutano unaofuata.